Tabia ya Nani? Elimu ya Juu ya Afya ya Jamii na Wananchi wa Kibaha na Kisarawe

Kwa muda mrefu sasa kila palipo na maradhi pamekuwa na sentensi moja iliyo tayari kusemwa: wananchi hawana elimu. Mtoto akifa kwa homa, wazazi wake hawakuwa na uelewa. Kipindupindu kikizuka, watu wana tabia mbaya ya kutochemsha maji. Msichana akipata mimba shuleni, kosa ni la mila potofu. Sentensi hii husemwa na mabwana afya, husemwa na wabunge, huandikwa magazetini, na sisi walimu tumeisema mbele ya madarasa yetu bila ya kujiuliza tunamsema nani. Katika makala hii twataka kuipinga. Twataka kuipinga hasa pale inapovaa joho la shahada, yaani katika yale masomo ya juu ya afya ya jamii yanayochunguza hali na mienendo ya watu, na ambayo wanafunzi wake huja kutuchunguza huku Kibaha na Kisarawe.

Hatuyabezi masomo hayo. Twaamini kwamba ni miongoni mwa masomo yanayolifaa taifa letu kuliko mengi. Shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, haja kubwa ilikuwa kupata matabibu. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Katika safari hiyo wakubwa wa fani ya tiba walikiri jambo ambalo bibi zetu walilijua zamani, ya kwamba dawa peke yake haitoshi. Mtu hupona hospitali, akarudi kuugua palepale alipougulia. Ndiyo maana leo ipo pale shule ya afya ya jamii na sayansi za jamii, na ndani yake idara inayoshughulika na mwenendo wa watu. Aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, awe tabibu, muuguzi au msomi wa elimujamii, aweza kurudi darasani kujifunza kwa nini watu hulala nje ya chandarua hali wanacho, kwa nini mama huchelewa kwenda kujifungulia kituoni, na ni nani nyumbani mwenye kauli juu ya nauli ya kwenda hospitali. Haya ni maswali makubwa. Tunachogombea sisi ni namna yanavyoulizwa, na mahali majibu yanakopelekwa.

Kibaha na Kisarawe zina bahati, na pengine balaa, ya kuwa karibu na Dar es Salaam. Mtafiti aweza kutoka Muhimbili alfajiri, akafika Mlandizi kungali mapema, akajaza fomu zake, na usiku akalala kwake. Na bado akaandika, bila ya kusema uongo, kwamba alifanya kazi yake vijijini. Kwa sababu hiyo viko vijiji vyetu vilivyokwisha kuulizwa juu ya malaria, juu ya uzazi, juu ya vyoo, juu ya UKIMWI, juu ya kifua kikuu, mpaka watoto humtambua mtafiti kwa ule ubao wake wa kushikia karatasi kabla hajabisha hodi.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kusaidia kutafsiri hojaji ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili. Chuo chake hatukitaji, kwani kosa lile lingeweza kufanywa na chuo chochote, na sisi wenyewe tulishiriki. Swali la kwanza lilikuwa limetungwa kwa Kiingereza, nasi kwa haraka ya malipo tukaliweka hivi: ‘Je, una tabia ya kulala ndani ya chandarua?’ Tukafuatana naye mpaka kijiji kimoja cha Kisarawe. Bibi mmoja alitukaribisha. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatutandikia mkeka. Aliposomewa lile swali alinyamaza kidogo, kisha akasema, ‘Tabia yangu nzuri, wanangu. Waulizeni majirani.’ Mwanafunzi akatazama karatasi yake. Palikuwa na visanduku viwili tu, cha ndiyo na cha hapana. Akatia alama katika ndiyo.

Tulicheka njiani, lakini waliostahili kuchekwa ni sisi. Neno tabia tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni maumbile, jinsi kitu kilivyoumbwa. Maana hiyo tungali nayo tunaposema tabia ya nchi, wala hakuna anayeilaumu nchi kwa ukame wake. Lakini tunapolisema neno hilo juu ya mtu, Mswahili husikia hukumu. Mwenye tabia husifiwa, asiye na tabia hutengwa. Mchumba huchunguzwa tabia. Mwanafunzi hufukuzwa kwa ajili yake. Sasa neno hili ndilo tulilolichukua tukalibandika juu ya sayansi nzima, tukatangaza kila mahali mabadiliko ya tabia, kisha tukashangaa kwamba wananchi huinamisha vichwa tunapowahubiria. Mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake watokana na tabia yake ameambiwa kwamba yeye ni mtu mbaya. Lugha imekwisha kumhukumu kabla ya mtafiti kufungua kalamu. Sisi tungependelea isemwe matendo ya watu na hali zao, au mwenendo, ikiwa hapana budi kutumia neno moja. Lakini hata hilo si letu sisi kuliamua mezani. Lilifaa kujaribiwa kwanza barazani, mbele ya wale watakaoulizwa.

Na kuna zile hojaji ambamo mwananchi husomewa tamko, akatakiwa achague: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Anayeijua pwani atacheka. Mgeni amekuja kutoka mbali, amevua viatu, ameketi mkekani mwako. Amesoma kwa sauti ya upole kwamba ni vizuri mama mjamzito kuhudhuria kliniki mapema. Utamjibu hukubali kabisa? Hiyo si adabu. Kwa hiyo watu hukubali, na wakiona mgeni amefurahi, hukubali sana. Majibu hupelekwa mjini, hutiwa katika kompyuta, na asilimia kubwa hutoka upande wa pili. Kisha huandikwa kwamba wananchi wana ujuzi wa kutosha ila matendo yao hayalingani na ujuzi wao. Na tofauti hiyo huitwa tatizo la tabia. Kumbe kilichopimwa mara ya kwanza kilikuwa ukarimu.

Tutoe mfano ulio mzito zaidi, kwa maana hapa watoto wamekufa. Katika pwani yetu mtoto akishikwa na homa kali, akakakamaa, macho yakageuka na viungo vikatetemeka, watu husema ana degedege. Wazee walilihusisha jambo hilo na ndege au na shetani, na tiba yake ilikuwa kwa mganga wa jadi: kuogeshwa kwa majani, kufukizwa kwa mavi ya tembo. Na watu walikataza mtoto kukimbizwa hospitali kabla ya hapo, kwa kuwa waliamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Tabibu naye mara nyingi aliona malaria kali iliyopanda kichwani, na kila saa iliyopotea kwake ilikuwa hatari. Lawama basi ikawa nyepesi: mila potofu zinaua watoto.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakishughulikia vyandarua katika wilaya jirani ya Bagamoyo, mkoa wetu huuhuu wa Pwani, walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Walikaa wakachunguza maneno. Wakaona kwamba kwa wenyeji homa ina aina nyingi. Kwamba ile inayoitwa homa ya malaria ilieleweka kuwa ni homa ya kawaida, ya kuja na kuondoka. Na kwamba degedege halikuhesabiwa kuwa jamaa yake. Maana yake ni nzito. Kila bwana afya aliposimama chini ya mwembe akasema malaria inaua, mama alisikia habari za ugonjwa mwingine, si ule unaomchukulia mwanawe. Aliyesema na aliyesikiliza walitumia Kiswahili kimoja, na hawakuelewana. Nani hapo hakuwa na elimu?

Hata ile imani ya sindano haikuzuka hewani. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa yu mahututi alichomwa sindano, akafa. Na waliosimama kando waliona sindano na kifo vikifuatana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walikosea katika kutafuta sababu, lakini hawakukosea katika kuona. Mtafiti anayeanza kwa kuuliza ni nini walichokiona atapata njia ya kuzungumza nao. Anayeanza kwa kuandika ‘imani potofu’ katika safu yake ya majibu amekwisha kufunga mlango.

Tuje sasa kwenye jambo linalotuuma zaidi. Chukua tasnifu yoyote iliyoandikwa na msomi wetu juu ya wananchi wetu katika fani hii, uifungue. Utangulizi ni wa Kiingereza, mapitio ni ya Kiingereza, matokeo na majadiliano ni ya Kiingereza. Ukitaka kukiona Kiswahili, funua mpaka mwisho, kwenye viambatisho. Huko ndiko kilikowekwa: fomu ya kuomba ridhaa ya mwananchi, na hojaji aliyosomewa. Mwananchi ameombwa ruhusa kwa Kiswahili, amechukuliwa maneno yake kwa Kiswahili, kisha amejadiliwa kwa lugha ambayo hawezi kuisikiliza. Sheria za utafiti zinalinda sana ule ukurasa wa ridhaa, na ni vema zikaulinda. Lakini ridhaa gani hii ya mtu asiyeweza kamwe kujua amesemwa nini?

Wasomi wetu hupenda kumtaja Rudolf Virchow kuwa ni mmoja wa waanzilishi wa fani yao. Haya, na tumtaje. Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma daktari huyo, akiwa angali kijana, aende Silesia ya Juu, ambako homa ya taifasi, ambayo leo twajua kuwa huenezwa na chawa, ilikuwa ikiwamaliza maskini. Aliporudi hakuishia kwenye uchafu wa wenyeji. Aliandika juu ya njaa yao, kodi zao, barabara zao, na kunyimwa kwao nafasi ya kujitawala. Tena akaandika jambo ambalo wengi wanaomtaja husahau kulitaja: watu wale walikuwa wakisema Kipolandi, hali shule na ofisi zilizowatawala zilikuwa za Kijerumani, akataka lugha yao ipewe haki yake. Basi mtu huyo aliiona lugha kuwa ni sehemu ya afya, karibu karne mbili zilizopita. Na karibu na kwetu, huko Natal, Afrika Kusini, Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya cha Pholela mwaka 1940, wakawafundisha wenyeji kuzunguka nyumba hadi nyumba na kuifahamu hali ya kila kaya kabla ya kuisemea lolote. Hao ndio mababu wa masomo haya. Wajukuu wao wanapokuja Kisarawe wakiwa na visanduku viwili, yafaa waulizwe urithi wameuacha wapi.

Maana katika jina la masomo haya mna mambo mawili, hali za jamii na mwenendo wa watu. Na la kwanza limemezwa na la pili. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi mwaka 1959 ili kuinywesha Dar es Salaam. Maji ya mto wetu yalikwenda mjini. Mji wa Kisarawe, ulio mlimani kupita Pugu, ulijulikana kwa shida ya maji miaka nenda miaka rudi, hata mradi wa Kibamba na Kisarawe ulipozinduliwa mwaka 2020. Msomaji na ahesabu mwenyewe ni miaka mingapi mwananchi wa huko aliulizwa kwa nini hanawi mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mkulima naye huulizwa kwa nini halali ndani ya chandarua wakati wa mavuno, wala haulizwi analala wapi. Analala shambani, akilinda mpunga na muhogo wake dhidi ya nguruwe mwitu. Na asipolinda, watoto hawatakula. Huyo hana tabia mbaya. Huyo ana shamba na ana nguruwe.

Kibaha pana kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea, akakuta dawa ipo na wanunuzi ni haba, akaziagiza halmashauri za nchi nzima zikainunue. Tunauliza kwa heshima zote: katika kazi za shahada zinazochunguza mwenendo wa binadamu mbele ya malaria, ni ngapi zilizochunguza mwenendo wa halmashauri? Mama wa Mlandizi amechunguzwa mpaka kitandani mwake. Mkurugenzi mwenye fungu la fedha na dawa iliyo karibu naye hakuandaliwa hojaji. Mdogo huchunguzwa kwa sababu hana mlango wa kufunga.

Kuna watakaosema kwamba mambo ya kitaalamu hayawezi kufanywa kwa Kiswahili wala kwa ushirikiano wa watu wengi. Nchi hii ilikwisha kuwajibu mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio, kwa vitabu vidogo na kwa vikundi vya kujisomea, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima; watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi hivyo, wakasikiliza, wakabishana, wakaenda kuchimba vyoo. Hatusemi kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Wapo waliochimba choo kwa ajili ya mkaguzi, kikawa ghala la magunzi. Hata hivyo mtu aliyeshiriki alijua ni kitu gani kinazungumzwa, na aliweza kukibishia. Jina la kampeni ile lilifufuliwa mwaka 2024, na tulifurahi kulisikia. Tutafurahi zaidi yakifufuliwa yale mabishano ya vikundi, maana mabango peke yake tunayo tayari ya kutosha.

Haitakuwa haki tusipoutaja mfano mwema uliotoka hapahapa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Sweden, uliofanywa katika vijiji vya Kibaha. Wahudumu wa afya 22, wanavijiji wenyewe, walifundishwa kutumia kipimo cha haraka cha malaria. Katika wiki walizopima, karibu nusu tu ya wagonjwa wa homa walipewa dawa ya mseto. Katika wiki walizotibu kwa kutazama dalili, karibu wote walipewa. Tazama vizuri kilichotokea. Mwenendo ulibadilika, tena sana, bila ya mtu kuhubiriwa juu ya tabia yake: watu walipewa chombo, wakaaminiwa nacho. Lakini habari hiyo ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la ng’ambo. Mwalimu wa biolojia wa Mlandizi anayetaka kuwasomea wanafunzi wake ushujaa wa vijiji vyao wenyewe hana budi kuitafsiri kwanza. Na sasa, tangu Januari 2024, Serikali imeanza mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchini. Hao wote ni watu wa kusoma Kiswahili. Watajifunza kutoka katika vitabu gani mambo yaliyogunduliwa kwao?

Tusijifiche nyuma ya wananchi, kwani na upande wetu, sisi watetezi wa utamaduni, tuna la kujibu. Tumezoea kulisikia neno mila likishambuliwa, nasi tukaruka kulitetea lote kwa pamoja. Mila ya kumweka mwali ndani, kama ilivyokuwa kwa Wazaramo, iliwachukua wasichana miezi, na zamani hata miaka, mbali na jua na baadaye mbali na shule. Hatuitetei. Mtoto wa kike ana haki ya kuwa darasani siku zote za masomo, wala hakuna ngoma inayopita haki hiyo. Lakini yule kungwi aliyemfunda mwali alikuwa na elimu ya mwili, ya uzazi, ya usafi na ya heshima ya mwanamke, na alikuwa na njia ya kuifundisha isiyosahaulika: kwa wimbo, kwa fumbo, kwa mwana hiti, yule mtoto wa mti aliyetunzwa na mwali. Mwanafunzi wa uzamili hutumia mwaka mzima kutafuta njia ya kuzungumza na wasichana juu ya mambo ambayo wao huyaonea haya. Huku kungwi yuko jirani, na katika hojaji ameandikwa kuwa kikwazo. Tungetegemea msomi akae miguuni pake, achukue anachokijua, na amwambie waziwazi pale anapomdhuru mtoto. Tumeshindwa kufanya hivyo sote wawili, yeye kwa dharau na sisi kwa sifa.

Kibaha ingestahili kuwa mahali pa mwisho pa kusahau mambo haya. Mradi wa nchi za Kaskazini ya Ulaya, ulioanzishwa huko katika miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima katika eneo moja. Waliopanga hivyo walifahamu kwamba ujinga, maradhi na umaskini hulala kitanda kimoja. Leo somo lile twalifundisha upya katika shahada za uzamili, kwa lugha ya kigeni, kana kwamba halikupata kusimama kwa matofali kandokando ya barabara ya Morogoro.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya ulimwengu, na mtahini wa nje hajui Kiswahili. Hatujasema Kiingereza kiachwe. Mwanafunzi na aandike kwa mtahini wake. Tunasema anadaiwa na watu wawili, na amemlipa mmoja. Tutaambiwa tena kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hili linatustaajabisha kuliko yote, kwa sababu kila neno lililomo katika sura ya matokeo lilisemwa kwanza kwa Kiswahili na mkulima wa Kisarawe; yaani msomi ametafsiri kutoka lugha ambayo anadai kwamba haina maneno. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilikwisha kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Anayekosa istilahi ni yule asiyezitafuta.

Tunachodai ni kitu kimoja, nacho hakihitaji mfadhili. Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wake. Mwanafunzi yeyote aliyefanya utafiti wa shahada katika kijiji, kabla ya kuvishwa joho, na arudi asimame mbele ya mkutano huo. Asome kwa Kiswahili, kwa nusu saa, alichokiona na anachokisema juu yao. Watu wamuulize. Wakisema amekosea, aandike kwamba wamesema amekosea, na sababu zao. Wakinyamaza, aandike kwamba walinyamaza. Kumbukumbu za mkutano zitiwe sahihi na mtendaji wa kijiji na ziwe sehemu ya tasnifu, mbele, si kwenye viambatisho. Nakala ya muhtasari ibaki katika zahanati, na nyingine ibaki katika maktaba ya shule ya sekondari ya kata, ili kijana wa kidato cha tatu anayesoma juu ya magonjwa ya kuambukiza akute humo jina la kijiji chake. Walimu wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuanza hata kabla ya vyuo kukubali: mtafiti anapokuja kuomba kuzungumza na wanafunzi, aulizwe kwa maandishi ni tarehe gani atakaporudi.

Wapo watakaoona kwamba jambo hili litawachelewesha wahitimu. Litawachelewesha kwa muda wa safari moja ya basi na mchana mmoja wa kusikiliza.

Bibi yule wa Kisarawe, tulipokuwa tukiaga, alituuliza majibu yake yanakwenda kwa nani. Mwanafunzi akamwambia kwamba yatasaidia kuboresha huduma za afya. Bibi akatazama zile karatasi, akasema, ‘Haya. Basi mkisharudi, mnisomee, maana mimi macho yangu hayaoni vizuri.’ Tukamwitikia kwamba tutarudi. Hatujarudi mpaka leo.